Leso mbili, jina moja

Nilikuwa Lodwar kwa warsha ya walimu wa Kiswahili. Ilipokwisha, mwanafunzi wangu wa zamani anayefundisha Kalobeyei akaniambia, "Prof, umefika Turkana yote halafu urudi Nairobi bila kufika kwetu?" Basi tukaondoka alfajiri kabla jua halijaanza kazi yake, tukaifuata barabara inayopitia Kakuma kuelekea Lokichogio. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Makao ya Kalobeyei yalikuja zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa azma kwamba wakimbizi na wenyeji watumie shule, zahanati na masoko yale yale. Kwa mtu wa lugha, pale ni kama kufunguliwa ghala. Kuna Kiswahili cha Kongo, cha Burundi, cha walimu kutoka Kakamega na Kisii, na cha mama wa Kiturkana anayeuza kuni na makaa, ambaye amejifunzia lugha mlangoni mwa wateja wake.

Alasiri nilipelekwa kwenye darasa la watu wazima, lile ambalo sisi wa zamani bado tunaliita ngumbaru. Wanafunzi walikuwa wanawake watupu, chini ya mwarobaini, madaftari magotini. Mmoja wao, mzaliwa wa Uvira, wa rika la binti yangu, alikuwa amejitanda leso nyekundu iliyopauka. Nami ni mtu wa Kibokoni, Mombasa. Nikiona leso siwezi kunyamaza. Nikamuuliza, ya pili iko wapi? Maana leso huuzwa mbilimbili. Akasema ya pili anayo rafiki yake, Mrundi, waliyekuwa majirani mlango kwa mlango, ambaye alipata nafasi ya kuhamia ng'ambo. Kabla ya kuondoka alinunua jozi ile sokoni Kakuma, wakaikata katikati, kila mtu na yake.

"Kumbe shoga yako aliondoka!" nikasema, kwa huruma kabisa.

Kimya. Wawili walitazama chini. Vijana waliokuwa wakipita nje ya ua wakaangua kicheko. Mwanafunzi wangu akakohoa, akasema, "Prof ana maana ya rafiki, jamani. Rafiki."

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30 na sijapata kuaibika kiasi hicho kwa neno nililonyonya na maziwa. Nyanya yangu alikuwa na mashoga. Mama yangu alikuwa na shoga mmoja, waliyeshikana tangu chuoni walikosomea Kurani hadi mauti yalipowatenganisha. Shoga hakuwa rafiki hivi hivi. Alikuwa ndiye unayemwachia funguo, unayempelekea maneno ambayo ndugu wa tumbo moja hawayasikii. Mwanamke alimwita mwanamke mwenzake shoga, na mwanamume hakuwa na ruhusa ya kulitumia neno hilo kumwitia rafikiye. Leo ukilitamka Nairobi au Kakuma, watu wanasikia kitu kimoja tu, mwanamume anayelala na wanaume, na aghalabu wanalisikia kama jiwe linalotupwa. Katika makao ya wakimbizi, ambako mtu anaweza kupigwa kwa sababu ya jina aliloitwa, si ajabu wanawake wale waliinamisha vichwa.

Wasomaji wengine wataniambia kwamba ni vijana wa siku hizi walioliharibu neno. Sivyo. Edward Steere, askofu wa Kiingereza aliyekusanya maneno Unguja na kuchapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, alilieleza neno shoga kuwa ni la wanawake wanapoitana marafiki, kisha akaongeza kwamba Lamu lilikuwa na maana ile nyingine. Kwa hiyo maana mbili ziliishi pamoja kwa miaka zaidi ya 100, kila moja mtaani kwake, bila kugombana. Kilichobadilika ni kwamba moja imemla mwenzake. Nionavyo mimi, sababu kubwa ni kwamba neno la wanawake lilikuwa la mdomoni, la uani na jikoni, ilhali lile jingine lilipata magazeti, redio na mahubiri.

Tuna neno la pili, nalo ni zuri kuliko lote: somo. Kamusi zetu zinalipa maana ya kitu kinachosomwa, kipindi cha darasani, na pia mtu mnayeshirikiana jina. Lakini pwani somo ni vilevile rafiki wa chanda na pete, na ni yule mwanamke anayemfunda msichana mambo ya unyumba, ambaye kwingine huitwa kungwi. Hebu litazame neno hilo. Lugha yetu imemwita rafiki kwa jina la kitu unachokisoma. Sitadai kwamba wahenga walikaa kitako wakapanga hivyo, lakini sijui lugha nyingine iliyofika hapo.

Au labda ipo moja, na ndiyo iliyonijia akilini pale chini ya mwarobaini. Katika wilaya ya Jiangyong, mkoa wa Hunan, kusini mwa China, wanawake wa mashambani walikuwa na maandishi yao wenyewe. Yanaitwa nüshu, yaani maandishi ya wanawake. Wanaume wa huko waliosoma waliandika kwa herufi za Kichina ambazo kila moja hubeba neno au sehemu ya neno yenye maana. Wanawake, waliofungwa miguu tangu utotoni na kunyimwa shule, walikuwa na alama zao nyembamba, za kuinama kama majani ya mchele, na kila alama ilisimamia silabi ya lahaja yao. Tofauti hiyo si ndogo. Herufi za Kichina zinadai uzijue maelfu. Alama za nüshu ni karibu 400, na ukizijua hizo unaandika chochote unachoweza kukisema. Yaani wanawake wale hawakuiga tu maandishi ya waume zao. Waliyachukua, wakayapunguza, wakayageuza yafuate sauti ya kinywa.

Waliyaandika wapi? Kwenye vipepeo, kwenye vitambaa, na katika vijitabu vya nguo walivyompelekea bibi harusi siku ya tatu baada ya kuolewa. Marafiki waliandika humo huzuni yao ya kuachwa na dua zao, kisha wakaacha kurasa tupu ili mwenzao ajaze mwenyewe huko ukweni. Baina yao palikuwa na udugu wa kuapizana. Wasichana walifungamana kuwa dada kwa hiari yao, wala si kwa damu. Wawili waliofungamana maisha yote huitwa laotong, neno ambalo dunia ililijua zaidi kupitia riwaya ya Lisa See ya mwaka 2005. Mwanamke alipofariki, maandishi yake mara nyingi yalichomwa au kuzikwa naye, ndiyo maana yaliyobaki ya kale ni machache. Wataalamu wa nje waliyatambua mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati waandishi wake walikuwa wakongwe wanaohesabika kwa vidole. Yang Huanyi, anayetajwa kuwa wa mwisho kuyarithi kwa njia ya asili, alifariki mwaka 2004.

Watu hupenda kuyaita maandishi ya siri. Mimi nina shaka na neno siri hapo. Vipepeo vile vilikaa ndani ya nyumba. Nyimbo zilizoandikwa kwa nüshu ziliimbwa kwa sauti, na wanaume walizisikia. Hapakuwa na kufuli. Wanaume hawakuyasoma kwa sababu waliyaona ni mambo ya wanawake, hayana faida. Dharau ndiyo iliyokuwa pazia. Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo China inapokuja kukaa nasi barazani.

Maana leso ni nini? Ni karatasi ya kuandikia ambayo kila mtu anaiona na nusu ya watu hawaisomi. Ina pindo, ina mji katikati, na chini ya mji pana maandishi ambayo sisi huyaita jina. Husimuliwa Mombasa kwamba duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na ambalo leso zake hubeba alama ya Mali ya Abdulla, ndilo lililoeneza mtindo wa kutia majina. Majina ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo wanawake wetu wengi walizozijua kutoka chuoni. Za Kirumi zilifuata. Mwanamume hununua leso, huilipia, huilalia, huifunikwa akiwa mgonjwa. Muulize jina lake. Aghalabu hajui. Mkewe anajua, jirani wa mkewe anajua zaidi, kwa sababu huenda ndiye aliyeandikiwa.

Na kabla ya kitambaa palikuwa na sauti. Utotoni tulisema kinyume, ile lugha ya kuhamisha silabi ya mwisho na kuitanguliza: rafiki ikawa kirafi, barua ikawa abaru, leso ikawa sole. Steere naye aliisikia akaiandika. Wasichana wawili waliozoea wangeweza kusengenya mbele ya mjomba wao naye akaendelea kunywa kahawa. (Vijana wanaodhani Sheng ndiyo iliyovumbua kupindua maneno, poleni.) Ajabu ni kwamba kinyume hakiwezekani bila kuijua silabi, na silabi ndiyo hiyo hiyo waliyoishika wanawake wa Jiangyong. Hakuna mwalimu aliyewafundisha, wao wala sisi.

Yupo mmoja wa kwetu ambaye kwake uandishi ulikuwa siri ya kweli, tena ya hatari. Salme binti Said, binti wa Sultani Said wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hawakufundishwa, kwani mwanamke anayeandika anaweza kuandikiana na mtu. Salme alijifunza kwa kificho, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama kibao. Siri haikudumu, naye alilaumiwa. Lakini mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao mwingine, Majid, waliomuunga mkono walihitaji mtu wa kuandika barua usiku. Binti wa miaka 15 akawa karani wa maasi. Aliingia humo, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa kumfuata dada yake Khole aliyempenda mno. Njama ilishindwa, na ikamharibia maisha.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa Aden na Mjerumani Heinrich Ruete, akawa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, na hizo ndizo zinazotajwa sana. Mimi nazipenda zaidi kurasa nyingine, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1924, ambamo anaeleza maisha yake ya Ujerumani, baridi, ujane na upweke, kwa mtindo wa barua anazomwandikia rafiki yake wa kike Unguja. Jina la rafiki hatajwi. Haikosi wapo wanaosema ni mtu wa kubuni tu. Hata akiwa wa kubuni, tazama alichokifanya. Alipotaka kusema yale ambayo hakumwambia msomaji wa Berlin, ilimbidi kwanza amkalishe shoga mbele yake.

Sikuwaeleza wale kina mama yote haya, msiwe na hofu. Nilieleza habari za Uchina kidogo na za binti Sultani kidogo zaidi, maana mfupa wa ngamia Turkana unaeleweka bila picha. Kisha nikamgeukia yule wa leso nyekundu, nikijaribu kuusafisha uso wangu. Nikasoma jina la leso yake kwa sauti: "Wacheni waseme." Nikaanza kufafanua kiprofesa. Nikasema hii ni leso ya kijembe, ya ugomvi, mwanamke huivaa kumpita adui yake. Ndivyo nilivyoandika hata katika makala zangu.

Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Ile haisemake vile."

Niruhusu nisimame hapo kidogo, kwa sababu kijisilabi hicho kinanipendeza. Kiswahili cha mashariki ya Kongo hutia -k- mwishoni mwa kitenzi kuonyesha mazoea: tunasemaka, wanaendaka. Mkenya anayesema "yeye hukujanga hapa" anafanya jambo lile lile kwa -ng-, na walimu wamemchapa kwa hilo miaka na miaka. Vyote viwili vimetoka katika ukoo wa Kibantu, ambamo mazoea huonyeshwa mkiani mwa kitenzi. Kiswahili sanifu kilichagua hu- ya mwanzoni, kikawaita wengine wakosaji. Tuyaache hayo kwa juma jingine.

Alichonieleza ni hiki. Walipokaribiana yeye na Mrundi wake, wakaanza kupika chungu kimoja na kuachiana watoto, watu wa kwao walimlaumu, na wa kule kwa mwenzake hivyo hivyo. Mkongomani na Mrundi wapi na wapi? Mwenzake alimtangulia kujua kusoma. Alimnunulia leso ile, akamsomea jina, wakazivaa zote mbili siku moja kwenda kuteka maji, wakapita katikati ya foleni. Kwa foleni nzima ilikuwa kijembe. Kwao wawili ilikuwa kiapo. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile. Mimi nilikuwa nimesoma barua ya foleni.

Sisi wanaisimu tuna maelezo ya jambo hilo. Tunasema usemi mmoja unaweza kuwa na mlengwa na wasikiaji wa kando, na maana ikagawanyika kati yao. Nimelifundisha hilo muhula baada ya muhula kwa mifano ya wanasiasa. Sijui kwa nini sikuwahi kutumia leso.

Nikamuuliza, kama anamsikia rafiki yake hadi leo, kwa nini anakuja darasani kwenye jua hili? Simu si zipo? Akasema ndiyo, mwenzake humtumia sauti kwa WhatsApp. Lakini simu ni ya mwanawe mkubwa. Sauti ikifunguliwa, nyumba nzima inasikia, na jirani pia, kwani kuta ni nyembamba. Naye akijibu, anajibu mbele ya watu. Kwa hiyo kwa muda sasa wanaambiana habari za watoto na bei ya unga. "Sauti ni ya kila mtu," alisema. "Nataka kuandika mwenyewe, asome mwenyewe."

Vitabu vingi vya elimu ya watu wazima vinataja sababu za kujifunza kusoma: kujua maelekezo ya dawa, kuhesabu fedha, kujaza fomu, kusaidia watoto na kazi ya shule. Zote ni za kweli. Hii yake sijaiona ikiandikwa. Ningeombwa kuandaa mtalaa ningeanza na barua, si na fomu.

Kabla sijaondoka aliniomba msaada wa kitaalamu, na kwa mara ya kwanza siku ile nilistahili cheo changu. Barua ya mtu kama huyo huanzwaje? "Mpendwa" alikwisha kulisikia, lakini alisema hilo ni la wavulana na la wachungaji. "Rafiki" ni la kila mtu. Hata mfanyakazi wa shirika humwita rafiki. Nilimweleza kwamba shoga lilikuwa ndilo hasa, na kwa nini sasa halifai kuachwa wazi kwenye simu ya kijana. Nikampa somo, na maana zake zote. Alilirudia mara mbili tatu. Wenzake wakalirudia. Mama mmoja wa Kiturkana aliyekaa pembeni akauliza kama mtu anaweza kuwa na masomo wawili, wengine wakacheka, mmoja akasema wawili ni wa shule.

Akainamia daftari, penseli ikaanza kutembea polepole. Aliandika s, akafuta, akaandika tena, safari hii kubwa. Nilipojongea kuona, mwanawe aliingia uani kumwita, naye akaifunika kurasa kwa kiganja, akanitazama mimi na mwanawe pamoja, akangoja tuondoke.